Kumchagulia Piet Lori la Karoti

Siku hizi mnanitumia picha. Simu inalia nikiwa nakaanga vitumbua, nafuta mikono, nafungua, nakuta lori. Limepigwa picha upande mmoja tu, ule mzuri, na chini yake mmeandika: "Shikamoo Mama Zuhura, hili linafaa?" Nami jibu langu ni lilelile: marahaba mwanangu, picha hainusiki.

Mnadhani natania. Nilifanya kazi miaka kumi na minne kwenye yadi ya malori yaliyotumika, magharibi mwa Toronto, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege zinapita chini hadi mtu unazungumza kwa vipande. Kila kiangazi wakulima walikuja pale kutafuta lori la msimu, la kubebea vitunguu, mahindi, viazi au karoti kwa miezi michache, kisha lilale bandani mpaka mwaka unaofuata. Kuna mkulima nilimchagulia vibaya, halafu nikapewa nafasi ya kumchagulia tena. Nawasimulia hayo mawili kwa pamoja, maana kujibu picha moja moja kumenichosha.

Ila msinidhanie fundi. Niliingia pale kama mwosha magari. Nilikuwa nimefika kutoka Tanga na mume wangu Athumani na binti yetu Zuhura, tunakaa ghorofa ya kumi na tisa kule St. James Town, na kazi ya kwanza niliyoipata ndiyo hiyo. Nyumbani tunaita kichwa lile gari la mbele lenye injini, na tela ni lile linalokokotwa nyuma. Yadi yetu iliuza vichwa. Mimi niliviosha ndani na nje ili vipendeze.

Mwenye yadi alikuwa Bwana Amirali, Mwismailia mzaliwa wa Moshi, mtu mpole na mcheshi, aliyeyapenda malori kama watu wanavyowapenda maharusi, yaani yakiwa yamepambwa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Fidelis, Mgoa wa Mombasa. Siku za kazi alivaa tai ndani ya ovaroli, na Jumapili alivaa tai bila ovaroli. Kwa hiyo pale kazini Kiswahili kilikuwepo cha kutosha, ingawa mimi na Fundi Fidelis tulichukua mwezi mzima kukubaliana kwamba kitu kilekile yeye anakiita hivi na mimi vile.

Wiki yangu ya pili niliona kichwa kimoja kimeachwa pembeni, injini imelowa oili upande mzima. Nikasema moyoni, hapa ndipo watajua wameajiri mtu. Nikachukua mpira wa maji ya moto, sabuni na brashi, nikashinda nacho mpaka adhuhuri. Injini ile iling'aa hadi ungeweza kupakulia wali juu yake. Fundi Fidelis akatoka kwenye chai, akasimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Zuhura, wajua umefanya nini?"

"Nimeosha, Fundi."

"Umeosha ushahidi. Nimekiacha siku nne nione oili yatokea wapi. Sasa nani atatuambia?"

Nilidhani nimefukuzwa. Badala yake alivuta ndoo, akaigeuza, akaniketisha juu yake, akanipa somo ambalo sijalisahau. "Weye ndiye mtu wa kwanza kuingia kwenye kila gari hapa," aliniambia. "Kabla hujaosha, soma."

Basi nikaanza kusoma. Nikikuta chupa tatu tupu za oili nyuma ya kiti, sihitaji mtu aniambie kwamba injini inakunywa. Saa ya kilomita inaweza kuchezewa, lakini mpira wa kanyagio la klachi ukiwa umelika mpaka chuma, huo hausemi uongo. Nikifungua kifuniko cha oili nikakuta utando kama chai ya maziwa, maji yameingia kusikotakiwa. Kuna dereva aliyebandika karatasi juu ya kioo, ameandika: usizime kwenye mlima. Gari lile lilikuwa limetangazwa kuwa halina tatizo lolote. Nikawa nampelekea Fundi Fidelis habari kabla hajachukua hata spana, naye anatikisa kichwa na kuandika. Baada ya miaka kadhaa nikaanza kujiona, na mtu akishaanza kujiona, shughuli ndiyo huanzia hapo.

Kiangazi kimoja akaja Piet. Alikuwa mkulima wa karoti, wazazi wake Waholanzi, mrefu, mwenye maneno machache kama anayalipia ushuru. Shamba lake lilikuwa bondeni kaskazini ya jiji, chini ya saa moja kwa gari. Lori lake la zamani lilikuwa limekufa. Bwana Amirali siku hiyo alikuwa na wateja wengine, Fundi Fidelis alikuwa chini ya gari, na Bwana Amirali akamwambia Piet, "Muulize Mama Zuhura. Yeye anajua siri za vichwa vyote hapa." Tangu hapo Piet akaamini kwamba Mama ndilo jina langu la kwanza, na hajabadilika mpaka leo.

Nikamchagulia. Kichwa chenyewe kilikuwa cheupe, pua ndefu, kina kitanda nyuma ya viti. Dereva wake wa mwisho alikuwa mtu wa kutunza. Zulia halikuwa na doa, risiti za matengenezo zilipangwa kwenye bahasha, kanyagio halikulika, wala chembe ya majivu hukuona. Nilikisoma kutoka bampa hadi taa za nyuma, nikakosa kosa.

"Una uhakika?" Piet aliniuliza.

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, kwamba ningekuwa na binti wa pili ningemwoza kwa lori hili. Akawaza kidogo, akasema hajaelewa lakini atalichukua.

Nikampa na dereva kabisa. Athumani alikuwa ameendesha malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma kwa miaka mingi, na hapa alikuwa anahangaika na kazi za muda. Piet akamwajiri kwa msimu wa mavuno. Nyumbani nikawa natembea kwa maringo, maana mume amepata kazi na lori nimelichagua mimi.

Oktoba ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne mchana simu ikalia yadini.

"Mama Zuhura," Athumani akasema, sauti tulivu kabisa, "bampa limeondoka na trekta. Mimi nimebaki."

Nikamwomba aeleze. Alikuwa amekwama shambani na tela limejaa. Trekta likaja kumvuta, wakafunga mnyororo mahali pasipofaa, trekta likavuta, bampa likakubali, lori likakataa. Nikamuuliza tatizo ni nini, gari lile si zima? Akasema ni zima mno. Difu lake, yale meno ya nyuma yanayozungusha tairi, limepangwa kwa mwendo wa kasi kwenye lami, halina nguvu ya kutambaa na mzigo kwenye udongo mbichi, kwa hiyo tairi zinazunguka kama feni na gari halisogei. Halafu ni refu, na mahali pa kugeukia kati ya mtaro na banda hapatoshi, kila safari anarudi nyuma na kwenda mbele mara tano.

"Na kitanda?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza kitanda.

"Kitanda kizuri. Ndipo nilipo sasa hivi. Nasubiri trekta la pili."

Mkicheka, chekeni. Hata mimi nilicheka, mpaka Jumapili nilipokwenda mwenyewe kuona. Karoti hazisubiri. Zikiwa bado ardhini baridi kali ikaingia, zinaganda, na zikiyeyuka zinakuwa uji. Siku zile walizopoteza wakivutana na lori langu ndizo zilizokuwa zimebaki kabla ya baridi, na upande mmoja wa shamba, mistari mirefu ya karoti, ulikuwa umeachwa. Piet alisimama ukingoni na kuutazama. Mkewe alituletea chai na hakutaja lolote, na hilo lilinikaa vibaya kuliko kama angetaja.

Nikamwambia Piet, "Nisamehe. Nilikosea."

Akasema, "Lori ni zuri. Ila si la hapa."

Tulirudi mjini kwa gari letu, nimeegemea dirisha. Nilijua Athumani ana utani wa wiki nzima kifuani. Aliubana wote, mwenzangu yule, mpaka tulipofika kwenye lifti.

Jumatatu nikamsimulia Fundi Fidelis. Alisikiliza huku akinyoosha tai yake. "Lori ulilisoma," akasema. "Shamba hukulisoma."

Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia ninyi mnaonitumia picha. Mnaniuliza kama lori linafaa bila kuniambia litafanya nini. La kwenda Vancouver na la kutoka shambani hadi kiwandani kilomita thelathini si ndugu. Dereva anayelala kwake kila siku hahitaji kitanda, na kitanda ni uzito, na uzito ule ungekuwa karoti. Lori la msimu halihitaji kuwa jipya. Linahitaji kugeuka mahali pembamba, kutambaa na mzigo, kuwaka baada ya kulala miezi mingi bandani, na kuwa na vipuri ambavyo duka la mji mdogo linavyo siku ya Jumamosi.

Piet alikuwa na haki ya kwenda yadi nyingine. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, alipiga simu. Alikuwa ameshauza lile jeupe kwa mtu wa safari ndefu, ambaye alikuwa anamshukuru kila mara. Akamwambia Bwana Amirali, "Nataka lori. Mama achague. Safari hii aje kwanza aone."

Bwana Amirali akaniuliza kama Piet ana homa. Mimi nikanunua mabuti ya mpira.

Nilikwenda na Athumani siku ya mvua, makusudi. Nikamuuliza Piet maswali mpaka akachoka. Tela likijaa lina uzito gani? Njia ya kiwandani ina mlima? Lori linalala wapi wakati wa theluji? Akajibu kila moja kwa neno moja au mawili. Udongo wa kule ni mweusi kama masizi na laini kama keki, ukisimama sana unaanza kuzama wewe mwenyewe. Mahali pa kugeukia nilipapima kwa hatua, kuanzia ukuta wa banda. Hatua ya saba ilikuwa ndani ya mtaro. Piet alinivuta kwa mikono miwili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akicheka. Lakini kipimo nilikuwa nimekipata.

Tulipompokea Piet yadini mwezi wa nane, Bwana Amirali alikuwa na bibi harusi wake tayari. Alikuwa amenunua mnadani kichwa chekundu chenye mabomba mawili ya moshi yaliyong'aa kama birika mpya. Athumani, niliyemleta aone kitu atakachokiendesha, alikizunguka mara tatu na kuvua kofia. Nikaona nimeshapoteza kura mbili.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Mkienda kutazama lori, nendeni saa hiyo, na mkifika wekeni kiganja kwenye injini kabla hamjasalimiana na mtu. Nikaweka. Ilikuwa ya moto.

"Bwana Amirali, hili limeamka mapema."

"Nimeliwasha kidogo tu," akasema. "Kulichangamsha."

Injini ya moto huwaka kwa heshima hata kama inaumwa. Unayoitaka ni ile iliyolala baridi, uone inavyoamka. Nikainama chini ya gari. Chesisi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi, na kila mahali pengine chini palikuwa na vumbi. Barabara za huku humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chuma kutoka katikati, pale vipande viwili vinapobanana, ambapo rangi haifiki. Nikaazima nyundo ndogo ya Fundi Fidelis, nikagonga. Mahali pazima panalia kama kengele. Mbele kidogo pakalia kama boga. Nikagonga tena, na kipande cha kutu kipana kama chapati kikadondoka miguuni kwa Bwana Amirali.

Piet alikuwa amesimama palepale, mteja, nami nimemvunjia bosi wangu lori mbele ya mteja. Ndege mbili zilipita juu yetu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumweleza Zuhura kwamba mama yake hana kazi. Bwana Amirali aliinama, akaokota ile chapati, akaipima mkononi.

"Nililinunua kwa macho," akasema taratibu, kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia Piet kwa Kiingereza: "Hili haliuzwi leo. Muulize Mama anataka lipi."

Athumani akavaa kofia yake.

Nililolitaka lilikuwa nyuma kabisa, kando ya uzio. Kichwa kifupi, kijani cha kufifia, hakina kitanda, kiti kimepasuka. Miaka yote kilikuwa kikivuta tangi la maziwa, kikipita zizi kwa zizi. Ng'ombe hawana sikukuu. Lori la maziwa linaingia mashambani kila siku, kwenye theluji na kwenye matope, na siku likishindwa kuwaka maziwa ya watu yanamwagwa. Kwa hiyo wenyewe hulitunza, si kwa mapenzi bali kwa hofu. Nilikuwa nimekwisha kulisoma. Ngazi ya mlango ililika kwa mabuti, dereva akipanda na kushuka kutwa. Mlangoni kulibandikwa karatasi ya matengenezo, na hakuna mwezi ulioachwa wazi. Difu lilikuwa la kutambaa, na lilikuwa na swichi ya kuzifunga ekseli za nyuma zivute kwa pamoja.

Niliweka kiganja, injini baridi kama sufuria ya jana. Nikamwambia Athumani awashe. Ikakohoa mara moja, ikashika. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa inanguruma, nikakigeuza, nikakiweka juu ya tundu bila kukaza. Jifunzeni hilo, halihitaji chombo. Injini iliyochoka inakirusha kifuniko. Iliyo na uhai inakitetemesha tu. Kikatetemeka, kikatulia.

Piet akafungua mlango wa kebini, akarudi nyuma hatua moja.

"Inanuka," akasema.

Ilinuka kweli. Madereva wa maziwa huchukua sampuli kila zizi, na mmoja alikuwa ameimwaga chini ya zulia, sijui mwaka gani. Ilinuka mtindi ulioacha kuogopa watu.

"Karoti hazina pua," nikamwambia.

"Dereva anayo," Piet akasema, akimtazama mume wangu.

Athumani alinitazama mimi, akalitazama lile jekundu, akashusha pumzi. "Nitafungua dirisha," akasema.

Nilikisugua wiki nzima. Siki, magadi, kahawa, limau, zulia nikalitupa, chuma nikakikwangua. Nikaondoa nusu ya harufu. Nusu ya pili ilikwenda shambani na mume wangu.

Oktoba ikaja na mvua yake. Siku mvua ilipozidi nilikuwa naosha huku sikio langu liko ofisini. Mchana simu ikalia, Bwana Amirali akaniita kwa mkono. Nikaipokea kwa vidole vyenye sabuni.

"Limepita," Athumani akasema.

"Limepita wapi?"

"Pale kwa bampa. Nimefunga ekseli, nikaweka gia ndogo, limetambaa kama kobe, likatoka. Nimegeuka kwenye mtaro mara moja tu." Kisha akaongeza: "Lakini mke wangu, nanuka."

Alinuka msimu mzima. Ijumaa msikitini alikuwa na nafasi ya kutosha kulia na kushoto. Zuhura, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, safari hii alijibu kwa kwenda kufungua dirisha, ghorofa ya kumi na tisa, mwezi wa kumi na moja. Lakini karoti za Piet zilitoka zote. Siku ya mzigo wa mwisho mkewe alinitumia magunia mawili, tukagawa kwa majirani mpaka watu wakawa hawafungui mlango wakitusikia.

Kiangazi kilichofuata, Piet alikuja yadini bila kuhitaji lori. Alikuwa na wakulima watatu wa jirani yake, wanaume wakubwa wenye kofia, wote wamesimama mlangoni kwa Bwana Amirali. Bwana Amirali akawaelekeza kwa Fundi Fidelis. Fundi Fidelis, bila kutoka chini ya gari alilokuwa akilitengeneza, akaelekeza kwa spana hadi kwenye kebini moja ambayo miguu yangu tu ndiyo iliyokuwa ikionekana. Nilikuwa nimepiga magoti ndani, nakwangua sakafu.

Mmoja akasemesha mabuti yangu. "Samahani. Wewe ndiye Mama?"

Nikasema ndimi.

"Piet anasema wewe ndiye unayechagua."

Nikawaambia wanisubiri, nimebakiza nusu ya kebini. Wakavuta tairi kuukuu, wakakaa wote wanne kwa mstari, kofia mapajani, wakangoja. Nami siwafichi, wanangu, sijapata kuosha kebini polepole kama siku ile.